Hatukutaka steringi apone, tulitaka hadithi ifuate sheria zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linaniuma kweli na kila nikilisema najibiwa we mtu mzima unalilia gemu. Nazungumzia mwisho wa Mass Effect 3, gemu la BioWare ya Canada lililotoka Machi 2012. Najua ni zamani, ila wanaolianza saivi kwa ule mkusanyo uliotoka 2021 wanafika palepale na wanakasirika vilevile, afu wanaambiwa wanadeka.

Kwa asiyelijua, ni hadithi moja ya magemu matatu, la kwanza 2007, la pili 2010, wewe ndo Kamanda Shepard na maamuzi yako unahama nayo toka gemu moja hadi jingine, yaani uliyemwacha afe kwenye la kwanza humkuti tena kwenye la tatu. Utamu wote uko hapo. Na kabla la tatu halijatoka, mkurugenzi wake Casey Hudson alisema mwisho hautakuwa wa kuhesabu kwamba mimi nimepata A, mwenzangu kapata B au C. Tukafika tukakuta njia tatu, nyekundu, bluu na kijani, na video ni karibu ileile imebadilishwa rangi tu. Mashabiki wakawatumia BioWare vikeki 400 vya rangi hizo tatu, vyote ladha moja.

Rangi mimi naweza kuzisamehe. Matobo ndo siwezi. Kule London, kwenye vita ya mwisho, unakimbilia mwanga wa kukupandisha juu kwenye kituo cha angani, uko na wenzako wawili, Harbinger, mkubwa wa Reapers, zile mashine adui wa hadithi yote, anawachapa miale mnaanguka wote, dakika chache mbele wenzako haohao wanashuka kwenye chombo chako Normandy kwenye sayari nyingine wazima kabisa. Walipandaje? Na Joker rubani, ambaye hajawahi kukuacha, anakimbia vita katikati bila neno lolote, kwa nini? Afu ile mitambo ya kurushia vyombo kati ya nyota inalipuka yote. Lakini mwaka mmoja nyuma, 2011, walitoa kipande cha nyongeza kinaitwa Arrival, humo Shepard analipua mtambo mmoja tu na mfumo mzima wa sayari unateketea, wanakufa zaidi ya laki 3. Sasa ikilipuka yote, galaksi niliyoipigania ina nani tena?

Hayo yote bado ni madogo mbele ya yule mtoto wa mwanga anayetokea mwishoni. Anamwambia Shepard kwamba mashine zitamwasi aliyeziumba siku zote, hakuna namna, ndo maana Reapers wanakuja kila miaka 50,000 kuwavuna viumbe walioendelea. Mhariri, saa chache kabla ya hapo kwenye gemu hilohilo, mimi nimewapatanisha quarian na geth pale Rannoch, sayari ya asili ya quarian, waumbaji na mashine zao waliopigana karibu miaka 300, na geth wakakubali kuwasaidia quarian kujenga upya. Amani hiyo haiji hivihivi, inataka maamuzi uliyoyafanya tangu gemu la pili. Shepard akafika mbele ya yule mtoto hata neno Rannoch hakulitamka! Hamna hata kitufe cha kujibu hivyo, unasikiliza tu afu unachagua rangi.

Wapo wanaosema tulitaka steringi asife. Si kweli. Mordin, mwanasayansi mwenzake Shepard, anakufa kwenye gemu hilohilo, kifo kizito kuliko vyote, na hakuna aliyelalamika maana kilistahili, tulikiona kinakuja na kilikuwa na sababu. Na walioitwa walalamishi ndo haohao waliochangisha zaidi ya dola 80,000 kwa Child's Play, mfuko unaowasaidia watoto waliolazwa hospitali, katikati ya ugomvi huo.

Na BioWare wenyewe tarehe 26 Juni 2012 wakatoa mwisho uliorefushwa, bure, mitambo sasa inaharibika tu hailipui mifumo na wenzako wanaonekana wakichukuliwa na Normandy. Huwezi kuziba tobo ambalo halipo. Ila hata kiraka chenyewe kina lake, Normandy inatua pale mbele ya Harbinger, mnaagana kwa hisia zote, na yeye aliyekuwa anachapa kila kinachotembea anawaangalia tu mpaka mmalize. Na hoja ya Rannoch hadi leo haijaguswa.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa burudani unachambua sinema na tamthilia kwa kina, mwigizaji akibadilishwa katikati mnaandika, hadithi ikijipinga mnaandika. Magemu nayo yana waandishi, yana hadithi ya saa 30 na zaidi, na wasomaji wenu wanayacheza. Yapeni safu yake, na atakayepewa kuandika awe amelicheza gemu lenyewe hadi mwisho.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam