Kikao cha Alhamisi kituoni

Ndugu zangu, habari za jioni. Alhamisi saa nne asubuhi tunakutana na kamati ya usimamizi ya kituo chetu cha afya hapa Arua, kupanga upya siku za kliniki ya presha na sukari. Njooni, hasa akina mama mnaotoka mbali. Nyinyi ndio mnaojua kuamka alfajiri, kulipa boda, kisha kuambiwa dawa zimeisha. Aliye ndani ya ofisi hayaoni hayo. Azimio la Alma-Ata la 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya, kwa hiyo hatuendi kuomba fadhila. Anayependa Kilugbara azungumze Kilugbara, nitatafsiri. Mje na madaftari yenu ya matibabu.