Hirizi ya Misri kaburini haimfanyi marehemu kuwa Mmisri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Kila inapotangazwa kwamba hirizi ya Kimisri imefukuliwa kaburini nje ya Misri, iwe Sudan, Carthage (mji wa kale wa Tunisia) au Cyprus, habari huandikwa kana kwamba Wamisri ndio waliozikwa pale, au wenyeji waliiga tu pasipo kuelewa. Dhana ya namna hiyo iliwahi kuwapotosha hata mabingwa wa fani.

George Reisner, Mmarekani aliyechimba Kerma, kaskazini mwa Sudan, kati ya 1913 na 1916, alikuta katika kaburi kubwa sanamu za gavana wa Misri, Hepdjefa, na mkewe Sennuwy, akahitimisha kwamba pale walizikwa magavana wa Misri. Leo yajulikana kwamba makaburi hayo ni ya wafalme wa Kush, dola ya kale ya Sudan, na kwamba sanamu zile zililetwa kutoka Misri muda mrefu baada ya wenyewe kufa. Maiti yenyewe ingetosha kuonya: imelazwa kwa ubavu juu ya kitanda, kama ilivyokuwa ada ya Kerma. Kwenye ubao wa miguuni pa vitanda hivyo vilipachikwa vipande vya pembe za ndovu, vingine vikiwa na umbo la Taweret, mungu wa kike wa Misri mwenye mwili wa kiboko, mlinzi wa wajawazito na watoto, akiwa ameshika kisu. Watu wa Kerma walimchukua mlinzi wa uzazi, wakamweka miguuni pa wafu wao.

Tombos, karibu na maporomoko ya tatu ya Nile, Misri ilianzisha makazi baada ya kuiteka Kush. Humo, miongoni mwa makaburi ya Kimisri, wamo wanawake waliozikwa kwa desturi ya Kinubi, yaani ya wenyeji wa huko, wamekunjwa magoti, na mmojawao amevaa shingoni hirizi za Bes, yule mungu kibeti anayewalinda wanawake wanaojifungua na watoto wachanga. Nani athubutu kusema kwamba mwanamke huyo hakujua alichokivaa?

Huko el-Kurru nako, penye makaburi ya kifalme kaskazini mwa Sudan, katika kaburi la mke wa mfalme Piye, aliyeitawala Kush na kuitiisha Misri karne ya 8 KK, ilipatikana hirizi ya tufe la jiwe angavu kama kioo, juu yake kichwa cha dhahabu cha Hathor, mungu wa kike wa Misri. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Boston.

Hayo yote tumeyajua kwa sababu wachimbaji waliandika kila kitu kilikuwa wapi na marehemu amelala vipi. Hirizi iliyoibwa kaburini haina tena ushahidi huo. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, Jumba la Makumbusho la Taifa la Khartoum limeporwa, na mwaka 2024 UNESCO iliwasihi watu wasinunue wala kuuza mali za kale za nchi hiyo. Mwizi atafurahi kuona hirizi ya Kush ikiitwa ya Misri, kwani jina hilo linaficha ilikotoka.

Kwa hiyo naomba gazeti lako, linapochapisha picha ya hirizi iliyotoka Sudan, litaje kwanza kaburi ilimokutwa na jinsi aliyeivaa alivyozikwa, ndipo Misri ifuate.

Mwalimu wa historia,
Tanga