Mafundi wa chokaa wafunzwe kabla wazee hawajatutoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo juu ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hasa juu ya wanaozitengeneza, kwa kuwa kila inapoanguka nyumba tunazungumzia fedha, na mara chache sana tunamzungumzia fundi.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule ulitangazwa dunia nzima. Nyumba za vichochoroni huanguka bila ya kamera, ukuta huu leo na ule kesho, zaidi wakati wa masika.

Yaliyotufika sisi ni haya. Miaka kadhaa iliyopita lipu ya chokaa ya ukumbini kwetu ilianza kubambuka, tukamwita fundi, kijana hodari na mwaminifu, naye akaikwangua yote akapiga lipu ya saruji, ikapendeza kweli. Kabla ya kutimia miaka mitatu rangi ilifura, chumvi ikatoka ukutani kama unga, na tulipofungua dari tulikuta vichwa vya boriti vimeoza pale vinapoingia ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea na hubaki ndani yakila mbao na udongo ulioshika mawe. Simlaumu kijana yule, kwani alifundishwa saruji na matofali, na hakuna aliyemwambia kuwa nyumba ya mawe ina masharti yake.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji huu tunayo tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kinachopungua ni mikono. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila mradi wa ukarabati unaopewa kibali uchukue wanafunzi kutoka vyuo vya mafunzo ya amali, wafanye kazi pamoja na mafundi wazee tangu chokaa inapozimwa kwa maji na kulazwa shimoni wiki nyingi, hadi lipu inapopigwa tabaka jembamba juu ya tabaka na kurushiwa maji isikauke upesi. Kazi hiyo haina haraka, na ndiyo sababu mkandarasi mwenye tarehe ya kukabidhi jengo huikimbia. Pasipo sharti la kibali hataifanya.

Nakiri kwamba si kila kilichokuwa cha kale kinafaa kurudiwa. Matumbawe ya chokaa yalichomwa kwa magogo mengi, na boriti zilikatwa mikokoni, ambako leo tunahitaji mikoko isimame ili ilinde pwani na mazalia ya samaki. Wanafunzi wafundishwe pia kupima ni boriti ipi inaweza kubaki, ipi iungwe kichwa kipya, na ni miti gani ya kupandwa inayoweza kushika nafasi yake.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wakaazi. Nyumba zetu nyingi zimegusana ukuta kwa ukuta, hivyo mfereji ulioziba kwangu hulowesha chumba cha jirani, na bati lake lililotoboka huniozeshea mimi boriti. Naziomba shehia za Mji Mkongwe ziitishe kikao cha wakaazi kila mwaka kabla ya mvua za Machi, wamiliki na wapangaji pamoja, ili mapaa na mifereji ikaguliwe mtaa mzima kwa siku moja, na vijana walio mafunzoni wapewe ukaguzi huo uwe sehemu ya masomo yao.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja