Hewa ya moto tunaimwaga nje

Ndugu Mhariri,

Ukipita nyuma ya banda letu la kukaushia karafuu, hapa Wete, utakuta kamba imefungwa mbele ya tundu la kutolea hewa na kanga zimeanikwa. Alianza mama mmoja wa kikundi. Tulicheka, mpaka nilipokwenda kununua umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, mara ya pili wiki ile ile.

Mashine tuliinunua kwa ajili ya siku za mvua, pale majamvi yasipofaa kitu. Inavuta hewa ya nje, digrii 28 hivi, inaipasha hadi 50, inaipitisha kwenye trei, kisha inaitoa. Basi. Kilo 100 za karafuu mbichi zikikauka hubaki kama 33, na kila kilo ya maji inayoondoka hula karibu theluthi mbili za uniti ili igeuke mvuke. Kwa mashine kama yetu, hizo uniti 45 za kilo 67 za maji hazikwepeki. Zinazoniuma ni zile za juu yake.

Nimeweka kipimajoto pale tunduni. Saa za mwanzo hewa hutoka imelowa hata miwani inaingia ukungu. Hiyo iende zake. Ukiirudisha, karafuu zitavunda na kupauka, na mnunuzi atazishusha daraja. Lakini kuelekea mwisho, karafuu zikianza kukatika kwa kucha, hewa inatoka kavu, digrii 44. Kuirudisha ndani ni kuipandisha digrii 6 badala ya 22. Sisi tulikuwa tunaitupa, tukaanza upya na hewa ya pwani ya usiku, yenye unyevu tele!

Fundi bati wa mtaani ametuchongea mfereji wa kurudishia hewa, wenye kilango cha kufungua kwa mkono. Hatuirudishi yote, sehemu lazima itoke na unyevu wake. Mwenye kamba amenuna kidogo.

Aliyetuuzia mashine hakugusia jambo hili. Sisi tunaokumbuka jenereta za dizeli, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, hatuoni umeme kuwa kitu cha kuchezea. Ombi langu ni kwa wanaogawa vikaushio kwa vikundi vya mwani, dagaa na viungo: kabla ya kulipia, ulizeni hewa ikishapita kwenye trei inakwenda wapi.

Mkaushaji karafuu,
Wete, Pemba