Daftari aliloacha mwenzetu: barua ya wazi kwa wanakikundi

Wanangu, na ninyi wadogo zangu,

Tangu tumzike mwenzetu katika kazi hii ya kuwafariji wagonjwa wa saratani, nimesikia mapendekezo mengi: fulana zenye picha yake, tuzo ya jina lake, siku maalumu kila mwaka. Sina ugomvi na fulana. Ila nimeshinda na daftari lake wiki nzima, na ndilo lililonifanya niwaandikie.

Ni daftari la mistari, jalada limechanika likashonwa kwa uzi. Kila ukurasa una jina la mgonjwa, tarehe aliyotundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa kali za saratani, na tarehe nyingine iliyozungushiwa duara jekundu. Mwanzoni sikuelewa. Nilipohesabu, nikakuta duara linaangukia siku ya kumi. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14, na homa ikifika nyuzi 38 siku hizo si ya kulala nayo hadi kukuche. Ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Sisi tulikuwa tunampigia mgonjwa simu siku ya dripu, tunampa pole, tunaridhika. Yeye alipiga wakati sote tumeshasahau, wala hakuanza na hujambo. "Umepima joto? Kipimajoto kiko wapi sasa hivi?"

Wengi wenu mmeisikia sauti yake hapo.

Kazi hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1952 Terese Lasser, mwanamke wa Marekani aliyekuwa ametolewa titi, alianza kuwatembelea wodini wenzake waliofanyiwa upasuaji kama wake, akiwaonyesha mazoezi ya mkono kwa mpira mdogo na kamba. Wapo madaktari waliomkasirikia. Mwenzetu naye aliwahi kutolewa wodini, na hapo siwalaumu sana wauguzi, maana saa ya kuona wagonjwa ikiisha yeye ndiyo kwanza anavuta kiti.

Sasa niseme la kwangu. Kila kazi iliyokosa mtu niliitupa kwake. Mgonjwa akihitaji wa kumsindikiza kwenye mionzi, wiki tano mfululizo, nilisema, "Muulizeni yule, hakatai." Nilidhani namsifu. Saratani yake iliporudi ikaingia kwenye mifupa, alikaa nayo miezi bila kutuambia, na sisi hatukuuliza. Nimelipekua daftari lote. Ukurasa wake haumo.

Kwa hiyo msitafute wa kumrithi. Najua mmeshamtupia jicho binti mmoja mwenye moyo kama wake, mwacheni. Gawaneni daftari, kurasa tano tano, na mtu asizidishe hata akiomba. Kila anayepiga simu naye awe na wa kumpigia. Ninyi wanaume mnaojificha kwenye kupanga viti, mnahusika. Atakayesema amechoka apumzike mwezi mzima, na akirudi asihojiwe.

Jingine ni ulimi. Siku moja nilimwambia mgonjwa, "Utapona tu." Tulipotoka nje mwenzetu akanisimamisha. "Mzee, wewe daktari?" Nikanyamaza. "Basi mwambie utakuja Alhamisi. Halafu uje hiyo Alhamisi." Nilikasirika, mtu mzima kukosolewa mlangoni. Alhamisi nilikwenda. Mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, nywele alizobakiwa nazo amezichana, akinitazamia tangu asubuhi.

Daftari liko kwa katibu. Kurasa zangu tano nimeshazinakili, na ya kwanza duara lake ni Jumanne hii.

Mzee wenu.