Orodha ya vivutio isiyotaja bamvua haimfikishi mgeni Songo Mnara

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vivutio vya utalii nchini tumeisoma huku Lindi na Mtwara, tena kwa makini, maana wageni wetu huja na makala za namna hiyo mkononi. Serengeti mmeieleza vizuri hadi mwezi ambao nyumbu huvuka Mto Mara. Kilimanjaro mmetaja mita 5,895, njia za kupandia na siku za mwili kuzoea hewa nyembamba. Mlipofika Kilwa mkaandika "magofu ya kale", mkamaliza. Magofu ya visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka uleule na Serengeti. Aya zetu hatuzihesabu. Tunachosema ni kwamba msomaji wenu angeweza kufika kileleni kwa maelezo yale, lakini Songo Mnara angekwama kwenye tope la mikoko, jahazi zima linamtazama.

Huku kwetu saa ya kuondoka haipangwi na mgeni wala na mwongozaji. Inapangwa na maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku majira hayo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kwenye saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji jedwali. Tarehe 7, 8 na 9 za mwezi, kisha 22 na 23, ndizo siku za maji mafu.

Sasa tazama safari ya Songo Mnara. Kutoka Kilwa Masoko kwa boti ya mashine ni zaidi ya saa moja kuelekea kusini, na pa kuteremkia pamezungukwa na mikoko na maji ya kina kifupi. Mgeni akija siku ya bamvua, akanywa chai yake hotelini na kuondoka saa tatu, atafika maji yamekauka. Boti itasimama mbali, naye atatembea kwenye tope linalofika magotini, na chaza walioshika mizizi ya mikoko watamkata nyayo. Malapa hayafai, tope huyabakiza. Vaa raba kuukuu zenye kamba, na simu na kamera ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Siku ya maji mafu, kinyume chake, unaondoka saa moja asubuhi, unaingia na maji yanayojaa, unateremka karibu, na una muda wa kutosha wa kuona misikiti mitano, jumba la kifalme na mabaki ya nyumba zaidi ya 30 za mawe ndani ya ukuta wa mji. Ikifika saa saba muwe mmepanda boti. Mkizidisha, nahodha atawasubirisha mpaka maji yarudi, na hapo usimlaumu.

Upepo nao una sauti yake. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa kali, hasa mchana. Mabwana wa safari huandika kwamba Juni hadi Oktoba ndio msimu wa kutembelea Tanzania kwa sababu ni kiangazi. Kwa mbuga ni kweli. Kwa bahari ya Kilwa, nusu ya kwanza ya msimu huo ni mawimbi na matapishi. Ushauri wetu ni Septemba mwishoni hadi Novemba, wakati wa maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga na Moshi, na hilo nalo mmelichanganya kwenye jedwali lenu la hali ya hewa.

Kilwa Kisiwani penyewe ni rahisi zaidi. Mlango wa bahari kutoka Masoko ni kama kilomita 2, na karibu saa zote panavukika. Linaloharibu siku ni kibali. Kibali hutolewa Masoko, bara, kabla ya kupanda chombo, na malipo ya serikali huenda kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu. Mtandao ukilala, mgeni mwenye noti mfukoni atakaa barazani akitazama maji yanavyopungua. Lipia jioni ya kuamkia safari. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Mtwara au Lindi, shuka Nangurukuru, kisha chukua gari dogo hadi Masoko. Ukitaka basi la moja kwa moja hadi Masoko, panda Mbagala Rangi Tatu.

Ukifika kisiwani, usianze na Gereza, yaani ngome ya kale, kwa kuwa tu ndilo linaloonekana kwanza kutoka baharini. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na kuondoka 1512, lakini kuta nyingi unazoziona leo ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Mwongozaji anayesema jengo zima ni la Wareno hajasoma. Nenda Msikiti Mkuu jua likiwa bado chini, mwanga ukipita kati ya nguzo. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11, ikapanuliwa baadaye kwa matao na kuba, na kuba lake kubwa lilikuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ndiyo iliyolipa gharama. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uko kwenye enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane ukingoni mwa jabali. Husuni Kubwa iko mbali na msikiti, upande wa mashariki. Wengi hawafiki kwa sababu jua limeshawachoma. Hapa maji yanasaidia tena: yakiwa yamejaa, boti inakusogeza. Yakiwa yamekupwa, unapita ufukweni kwa miguu.

Wageni huuliza kwa nini kuta hazipigwi saruji zikadumu. Ni swali la haki na jibu lake lingefaa makala nzima. Jiwe la kujengea ni tumbawe, na lile la kuchonga mihrabu lilikatwa likiwa bichi kutoka baharini, laini, likakaukia hewani na kuwa gumu. Kiungo chake ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, ikaachwa muda mrefu ipoe na kulainika kabla ya kutumika. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu ndani. Chumvi ya bahari ikikosa pa kutokea huganda ndani ya tumbawe, na jiwe humeguka nyuma ya lipu huku nje panaonekana pazima. Unagundua siku lipu inapoanguka na nusu ya ukuta. Ndiyo maana mafundi wa ukarabati hurudi kwenye chokaa, ingawa ni polepole na ya gharama. Maadui wengine ni mizizi ya miti iliyoota juu ya kuta na bahari inayokula ufukwe palipokatwa mikoko. Mwaka 2004 eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, likaondolewa 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kuukinga ufukwe. Mgeni anayepanda juu ya ukuta apate picha nzuri anairudisha kazi hiyo nyuma, na mwongozaji anayemruhusu kwa ajili ya bahashishi ni mbaya zaidi.

Tendaguru, kilima cha mkoa wa Lindi kilichotoa mifupa ya dinosaria, hamkuitaja kabisa. Labda afadhali, maana waandishi wengi huitaja vibaya, na mgeni hufunga safari akidhani ataona mjusi mkubwa amesimama. Mifupa yenyewe iko Berlin. Mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wa Kusini, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, waliichimba. Wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa kila mzigo. Mjusi aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha mita 13.27. Waingereza nao walichimba kuanzia 1924 hadi 1931. Kilichobaki hapa ni kilima, mashimo ya zamani yaliyofunikwa na nyasi, na vipande vya mifupa ardhini. Anayependa historia ya dunia atasisimka. Mwenye watoto wanaotaka maajabu abaki ufukweni Lindi.

Anayekwenda aende Agosti hadi Oktoba. Udongo mweusi wa mabondeni ukinyeshewa hunata, na gari la magurudumu manne nalo hulala humo. Aanzie serikali ya kijiji, achukue mwenyeji anayejua mashimo yaliko, na abebe maji yake yote. Asiokote kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, hata kipande cha ukubwa wa kidole, na mara nyingi anayeshawishiwa kuuza vipande hivyo ni kijana wa kijijini ambaye ndiye atakayekamatwa.

Mtwara kwa upande wake ina Mikindani, kilomita chache kabla ya kuingia mjini ukitokea Lindi. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa na linapendeza, lakini tembea pia vichochoro vya chini utazame milango ya nakshi kabla haijaisha. Nyumba za mawe huanza kufa paa linapoondoka: mvua huingia juu ya ukuta, huosha kiungo, na misimu michache tu inatosha. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, na kibao kipo kwa wanaovipenda.

Msimbati ndipo wageni wenye magari wanapoumia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina matumbawe mazuri, na Julai hadi Oktoba hivi nyangumi hupita nje ya mwamba. Njia inapitia Madimba kwenye mitambo ya gesi, ambako kamera hukaa mfukoni, na mwishoni inakuwa mchanga mtupu. Kosa la madereva ni kuongeza moto gari likianza kuzama. Tairi huchimba, ekseli hukaa juu ya mchanga, na hapo ni koleo na matawi hadi jioni. Simama kabla ya mchanga, shusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi karibu 20, tembea kwa gia moja bila kusimama, na uwe na pampu ya kuyajaza ukirudi kwenye njia ngumu. Kwa kuogelea na miwani, bamvua linapopwa ndiyo saa nzuri ya kutazama mwamba, lakini mkondo kwenye mlango wa ghuba huwa mkali maji yanapogeuka. Pia hapa ni mpakani na Msumbiji. Beba kitambulisho na upite ofisi ya kijiji kwanza.

Kwa Newala, mteleko wa Shimo la Mungu uonwe asubuhi, maana moshi wa kuchoma mashamba hufunika bonde la Ruvuma mchana wa Septemba na Oktoba. Msitu wa Rondo, mkoani Lindi, una komba mdogo wa gramu 60 hivi, anaonekana usiku tu, na tochi iwe na mwanga mwekundu, mweupe humkimbiza. Vinyago vya Kimakonde vingi siku hizi huchongwa Mwenge, Dar es Salaam, kwa hiyo ukiuziwa Mtwara, kikune kwa chini. Mpingo halisi ni mweusi hadi ndani, mzito, na ukiutia majini unazama. Kilichopakwa kiwi kitakuacha na vidole vyeusi.

Barabara tusiisahau. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hatulali tena tukisubiri pantoni Rufiji, lakini mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, ziliikata njia eneo la Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Anayekuja kati ya Januari na Mei aweke siku mbili za akiba na asikate tiketi ya ndege ya kuondoka nchini kwa siku anayotoka Lindi. Na kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, vyumba vya Masasi, Newala na Mtwara hujaa wanunuzi, kwa hiyo apige simu mapema.

Ombi letu ni dogo. Mnapochapisha hali ya hewa, ongezeni saa za maji kujaa na kupwa za Mtwara na Kilwa, mistari miwili tu. Wavuvi nao watawashukuru. Na ile picha mliyoiandika "Kilwa Kisiwani" ni ya boma la Wajerumani la Kilwa Kivinje, ambako mgeni hufika kwa bodaboda.

Baadhi ya waongoza watalii,
Lindi na Mtwara