Barua kwa mwanangu: anza na ule ukuta, sofa itasubiri

Kamwene mwanangu,

Za huko Uyole na hiyo mvua? Sisi Mafinga tupo, baridi imeanza kutuchungulia, baba yako kashalitoa lile koti lake jeusi na sasa hata ukimwita mezani anakuja nalo.

Picha za sebule yako nimeziona zote na ile listi ya unavyotaka kuipamba nimeisoma mara mbili, jipsam ya dari, taa za utepe za kubadilika rangi, wolpepa ya matofali, sofa ya L, yani nikacheka alaf nikaacha kucheka maana kule mwisho umeandika laki saba ndo unazo na zilizobaki utachukua kwenye kikoba. Mama, usikope. Hela ya kikoba ni ya mtaji na ada, sio ya kumfurahisha mgeni anaekaa nusu saa anakunywa soda yako anaondoka.

Sasa nikuambie nilichokiona mimi, wewe ulikuwa unapiga picha sofa. Ile kona chini ya dirisha rangi imetutumka kama chapati kwenye kikaango, na chini yake kuna unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka chini, yakifika ukutani yanakauka yanaiacha chumvi, na hapo hata upake rangi ya bei gani haishiki. Wolpepa ndo usiseme kabisa, nyuma yake utaota ukungu uwe unasikia harufu tu hujui inatokea wapi. Toka nje uangalie upande huo, nina hakika udongo umepanda kupita sakafu yako ya ndani. Tafuta kijana auchimbe ushuke chini ya usawa wa sakafu, achonge kamtaro ka kupeleka maji mbali, na kama bati halina gata weka upande huo mmoja tu kwanza. Alaf ile plasta iliyooza ikwanguliwe, iachwe wazi. Hapo hela imetoka na nyumba imezidi kuwa mbaya, najua inauma.

Mimi nilishafanya kosa la kupaka rangi ukuta haujakauka, mwaka ule wa kipaimara cha kaka yako. Ilikuwa Machi, mvua kila siku, fundi akasema mama usijali itakauka, mimi nikamuamini maana nilitaka wakwe waikute sebule inang'aa. Ikang'aa kweli siku ya sherehe. Mwezi wa saba ikaanza kudondoka vipande vipande kama magamba ya samaki, na nilikuwa nimeuza debe sita za mahindi kwa ajili ya hiyo rangi. Kwahiyo acha ukuta upigwe na upepo wa kiangazi, Juni, Julai, upake Agosti.

Rangi usikubali fundi akukadirie kwa macho. Lita moja inafunika kama mita 10 za mraba kwa koti moja. Sebule yako umesema ni 4 kwa 4, ukizunguka ni mita 16, urefu wa ukuta kwenda juu tuseme 2.7, inakuja kama 43, toa milango na madirisha baki na 38, makoti mawili ni 76, yani lita nane hivi. Akikwambia ndoo mbili za lita 20 muulize anataka kupaka na kwake? Ndoo moja inatosha sebule, chumba chako na inabaki ya kurudishia. Ila nunua yote siku moja, rangi ya kuchanganyiwa dukani ukiirudia mwezi ujao haifanani, utaona tu ukuta una kiraka.

Shelfu usinunue ya dukani. Mbao za paini huku ndo kwao, msitu wa Sao Hill huo hapo, nitakuchagulia zilizonyooka nizipange nje na vijiti katikati upepo upite, maana mbao mbichi ukiigongelea leo baada ya miezi miwili imepinda kama upinde. Zikikauka nitazipakia kwenye gari la Mbeya.

Jipsam achana nayo mwaka huu. Taa weka moja ya rangi ya njano njano, ya kawaida, ile nyeupe sana inafanya watu waonekane wagonjwa. Vikapu vya milulu viwili vya Iringa ninavyo, havina kazi hapa, vitundike juu ya sofa, na ukipata mtu anaeshuka Matema kule Ziwa Nyasa akuletee chungu cha Wakisi uweke mlangoni. Sofa yenyewe mbao zake nzima, kilichochakaa ni kitambaa, badilisha kitambaa na sponji ya kukalia, basi.

Na mapazia mazito nakubali, baridi hiyo naijua, ila ukishayafunga usiingize jiko la mkaa ndani kuota, hata kidogo, ile hewa yake inaua na haina harufu. Vaa sweta.

Mnadani naenda kesho, mapazia ya mitumba mazuri yanaisha saa mbili asubuhi. Futikamba iko kwenye droo ya cherehani, pima kuanzia kwenye fimbo mpaka sakafuni, sio kioo, unitumie usiku huu huu.

Mama yako